Ngumi Aliyoingoja Kaka Yangu

Simu iliingia nikiwa nashona kola ya shati la shule. Aliyepiga alikuwa seremala, jirani wa kaka yangu pale karakana, mtu ambaye kwa kawaida hunipigia kunitania kwamba cherehani yangu inakula mashati ya watoto wa watu. Siku hiyo hakutania.

"Dada, uko na mtu hapo?"

Nikamwambia nipo na mwenzangu wa cherehani ya pili.

"Mwambie asogee karibu yako."

"Sema tu, fundi."

"Kaka yako ameanguka kazini. Tulimpakia tukamkimbiza hospitali. Dada, hatukufika naye."

Nakumbuka niliendelea kushika ile kola. Mwenzangu ndiye aliyeizima cherehani. Nilimwita Mungu, na nikiri kwamba sikumwita kwa unyenyekevu.

Kaka yangu alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi wa mwisho. Baba alipotutoka, yeye aliacha shule akaenda kwa fundi wa makochi kujifunza kazi, ili mimi niendelee na masomo. Sisemi hivi kumpamba kwa sababu amekufa. Wengi wanaosoma haya wanamjua, na baadhi yao wanakalia makochi aliyoyafunika kwa mikono yake. Lakini mtaani hakuitwa fundi. Aliitwa Kisigino, na jina hilo alilipata kwenye ngumi.

Ujanani alipigana ulingoni yeye mwenyewe, na ukweli ni kwamba hakuwa bondia mzuri. Alirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Siku moja alimpata mpinzani kwenye paji la uso, akampiga kwa vifundo vya vidole viwili vya mwisho. Mfupa wa mkono ukavunjika, na yule mpinzani akawa bado anatabasamu. Kaka alirudi nyumbani na plasta hadi kwenye kiwiko. Mama alimwambia, "Basi ungempiga kwa plasta hiyo, angalau angeisikia."

Kwa kuwa hakuweza kushika nyundo, bosi wake alimpa kazi ya kuvuta mikanda, ile mipana inayopita chini ya kiti cha kochi kubeba sponji. Kwa mkono mmoja haikazi. Alivuta mpaka bega likamuuma, na kila mara bosi aliigonga kwa kidole akamwambia imelegea. Mwishowe, kwa hasira, alikita mguu wa nyuma, akavizungusha kisigino na kiuno kwa pamoja, huku mkono umeshika tu. Mkanda ulikaza ukalia kama ngoma. Alituhadithia kisa hicho mpaka watoto wake wakawa wanakimalizia wao. Alisema pale ndipo alipojua kwamba miaka yote ulingoni alikuwa anapiga kwa mkono, wakati mkono hauna nguvu ya maana. Nguvu inatoka chini.

Mkono ulipopona hakurudi kupigana. Alianza kufundisha, jioni baada ya kazi, katika chumba kirefu nyuma ya kinu cha kusaga, ambacho sakafu yake haikuishiwa unga hata wakifagia vipi. Nilipompelekea ujumbe wa mama nilimkuta mara nyingi amepiga magoti kwenye ule unga, ameshika kifundo cha mguu cha kijana fulani kwa mikono miwili, anakizungusha. "Kisigino kinyanyuke, kigeuke kitazame nje. Sasa kiuno. Sasa bega. Ngumi iwe ya mwisho kupata habari." Mkono aliutaka ulegee njiani na ukaze pale tu unapogusa, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, vifundo viwili vya kwanza mbele, pumzi ikitoka. Kisha ngumi irudi shavuni haraka kuliko ilivyokwenda. Kwenye ule unga nyayo zao zilionekana, na aliyepiga bila kugeuza mguu alijulikana kwa kutazama sakafu.

Hayo yote yangetosha. Shida ilikuwa kwenye mkanda wake.

Alijishonea mkanda mpana wa tumboni, sponji ya kochi ndani na turubai nje, akaufunga na kusimama mbele ya wanafunzi wake wapige. Alisema mfuko wa mazoezi hausemi lolote. Mfuko unayumba hata kwa ngumi ya bega. Tumbo lake ndilo lililojua. Alikuwa na uwezo huo kweli, mabondia wote wanakubali. Alipigwa, akanyamaza kidogo kama mtu anayeonja chumvi, kisha akasema, "Hii imeishia kiunoni, mguu umelala." Au, "Bega hilo lipeleke nyumbani likapumzike." Kuna mmoja alimwambia, "Kijana, unanipiga au unanipima mapigo ya moyo?"

Wifi yangu, ambaye anafundisha chekechea, aliuchukia mkanda ule tangu alipoolewa. "Wifi," alikuwa akiniambia, "wenzangu waume zao wanarudi wananuka pombe, wanasemwa. Wangu anarudi amepigwa na watoto wa watu, anacheka, na mimi nimpashie maji." Kaka alimjibu kwamba fundi asiyekalia kochi lake mwenyewe hajui ameshona nini. Alikuwa na jibu la kila kitu, na hilo lilitumaliza sisi ndugu zake.

Katika wanafunzi wake wote, aliyemsumbua zaidi ni kijana fundi wa mabomba ambaye wenzake wanamwita Bomba. Ana mikono iliyokomaa kwa kufungua nati zenye kutu, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Alizoea kufanya kila kitu kwa mkono. Ngumi yake ya kulia iliuma, lakini haikuangusha mtu. Kaka alimshughulikia kwa muda mrefu kuliko wengine na alimpenda kama mwanawe. Klabu yao ya ngumi ikampeleka Bomba kwenye mchujo wa timu ya taifa, jambo ambalo halikuwahi kumpata mtu yeyote wa chumba kile. Kaka hakulala vizuri tena. Alikuja kwangu siku ya Jumapili baada ya ibada, akala, akasimama katikati ya sebule yangu akigeuza kisigino kwenye zulia. "Anakaribia, mdogo wangu. Ngumi ile imo ndani yake, inakwama kiunoni tu. Ikifunguka, huko kwenye mchujo hakuna wa kusimama mbele yake."

Kisha akaugua homa. Haikuwa ya mchezo. Alilazwa, akatoka amekonda, na daktari akamminya tumbo upande wa kushoto akamwambia bandama imevimba, inahitaji muda irudi. Hakuna kubeba makochi, hakuna kupigwa hata kwa mchezo. Wifi alikuwepo, mama alikuwepo. Mama, ambaye hamwamini mtu hata anapoapa, alimwambia asimame mbele ya kitanda na aahidi kwa jina la Mungu kwamba hataufunga ule mkanda mpaka daktari aseme. Aliahidi. Wifi akauchukua mkanda akaufungia kabatini.

Yaliyofuata nimeelezwa na mabondia waliokuwepo, na maelezo yao yanalingana. Mchujo ulikuwa umebaki siku chache. Kaka alikwenda mazoezini kukaa kwenye benchi tu, kama alivyomwambia mkewe. Bomba alikuwa anapiga mfuko. Katikati ya mazoezi mfuko ulipigwa, na haukuyumba. Ulijikunja katikati, ukashuka. Kaka akanyanyuka kwenye benchi.

"Irudie."

Bomba akairudia.

"Imetoka wapi hiyo?"

"Sijui, mwalimu. Nahisi mguuni."

"Unahisi. Siku ya mchujo utahisi pia?" Akachukua mto wa kochi uliokuwa kwenye benchi, ule waliokuwa wakiukalia, akaushikilia tumboni kwa mikono miwili. "Nipe mimi."

"Mwalimu, si ulikuwa unaumwa?"

"Nimepona. Au unataka cheti?"

Wengine wakacheka. Bomba akasita. Kaka akamwambia maneno aliyowaambia wote siku zote, kwamba akimwonea huruma leo atakuwa amemwonea huruma mpinzani. Kijana akageuza kisigino, kiuno kikafuata, bega likafuata, na ngumi ikafika mwisho, kama alivyofundishwa. Haikukosewa mahali popote. Ilipita kwenye mto ikaingia upande wa kushoto.

Kaka alirudi nyuma hadi ukutani, akakaa chini, na waliokuwepo wanasema machozi yalimtoka na alikuwa anacheka. "Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo. Usiniulize tena imetoka wapi."

Alifika nyumbani akala kidogo. Wifi alimwona anasugua bega la kushoto, akamuuliza, naye akajibu kwamba alimsaidia seremala kunyanyua kabati. Baadaye daktari alitueleza kwamba damu ikivuja tumboni kutoka kwenye bandama, maumivu hupanda hadi bega lile. Wifi alimkanda bega kwa dawa ya kuchua. Alimkanda kwa upendo, mahali pasipo na ugonjwa, na mwenye kujua alikochapwa amekaa kimya kwa sababu aliahidi mbele ya mama. Kesho yake mchana alikuwa anapigilia misumari kwenye mgongo wa kochi, akamwambia seremala anasikia kiu, akaanguka.

Watu wa kanisa wametuambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni mtu wa sala, naliheshimu neno hilo. Lakini daktari hakutumia neno hilo. Alisema mtu yule angeishi kama angekaa kwenye benchi. Wengine wametuambia alikufa akifanya alichokipenda. Wanaosema hivyo wanalala kwao na waume zao. Mtoto mkubwa wa wifi bado anaulizwa shuleni kama ni kweli baba yake aliuawa kwa ngumi moja, na wanamuuliza kwa kustaajabu, kama sifa.

Na Bomba hana hatia. Hilo nalijua, na kila jioni ninapopiga magoti namwambia Mungu kwamba nalijua. Alikuja msibani akasimama kwenye lango la ua, hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Alipompa wifi mkono, wifi alikuwa ameshika sinia, na hakuliweka chini. Mimi nilimsalimia kwa kichwa. Mpaka leo sijaweza zaidi ya hapo.

Maziko yalipangwa siku ileile ya mchujo. Hatukuichagua sisi, ndiyo siku ambayo hospitali ilitupa mwili. Mchujo ulikuwa jioni, mji mwingine. Mwenyekiti wa klabu alifika makaburini na shada kubwa lenye utepe wa jina la klabu, kisha akaenda kusimama kando ya gari barabarani, akitazama saa. Hakuwahi kuingia kwenye chumba kile cha unga hata siku moja wakati kaka yuko hai.

Ibada ikiwa inaendelea, Bomba alikuja akachutama mbele ya mama yetu.

"Bibi, gari linanisubiri. Niende au nibaki?"

"Mimi habari za ngumi sizijui, mjukuu wangu," mama alisema. "Aliyekuwa akikwambia nenda au baki ni huyo." Akaonyesha jeneza kwa kidevu.

Wifi alikuwa amekaa pembeni ya mama, mtoto mapajani. Alisema bila kumtazama, "Nenda. Ulichokitafuta kwake umekipata, kakitumie."

"Mama, sikujua kwamba bado anaumwa. Nilimuuliza."

"Najua ulimuuliza. Nimekwambia nenda."

Kisha alinyanyuka, akaenda kuligusa jeneza upande wa miguuni, akatembea kuelekea barabarani. Tulisikia mlango wa gari. Siku mbili baadaye tuliambiwa alishinda, mpinzani hakuamka mpaka refa alipomaliza kuhesabu. Wifi alipoletewa habari hiyo aliuliza tu kama kuna mtu anataka chai.

Gari lilipoondoka, mchungaji alisubiri vumbi litulie ndipo akaendelea. Alisoma, akaomba, tukaimba wimbo ambao mama aliuchagua. Mafundi wa karakana walilishusha jeneza kwa kamba, seremala akiwa upande wa kichwani, kwa kuwa ndiye aliyelitengeneza. Lilikwama kidogo upande mmoja, wakalinyanyua na kulishusha tena. Mama alitupa udongo kwanza, akafuata wifi, kisha watoto, kisha mimi. Ulikuwa udongo mkavu wenye mawe, ukasikika ukigonga mbao. Mtoto wa mwisho aliuliza kama baba anasikia, wifi akamwambia hapana, hasikii.

Wanaume walishika makoleo wakapokezana mpaka kaburi likajaa. Walipigilia msalaba kichwani, wakaweka mashada, la klabu likawekwa pamoja na mengine. Mchungaji alitoa baraka. Tulimwinua mama kwenye kiti, mimi upande mmoja na wifi upande wa pili, tukarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu mama hakutaka kupanda gari.