Samli ya Fwaye

Mpaka leo nikiona mafuta meupe yameganda pembeni mwa sufuria, naisukumia mbali na kutoka nje. Watoto wangu hucheka, wanasema mama ana maringo ya jikoni. Si maringo. Ni kinyaa, na kina asili yake.

Wakati wa Wabelgiji, pale Kasongo palikuwa na shule ya wake za watu, tukiiita fwaye. Mwalimu wetu, mwanamke wa Kizungu, alichukia moshi wetu na mawese yetu. Alikunja pua kila alipofunua sufuria zetu, nami nilimkunjia yangu akigeuka. Hata hivyo nakiri kwamba mengine aliyotufundisha yalifaa. Maharagi yalowekwe tangu jana, yataiva upesi na kuni zitabaki. Lengalenga, mchicha wetu, isichemshwe mpaka iwe uji. Mtungi wa maji ufunikwe, jamani, nzi si kiungo. Na mchele ukaangwe kwanza kwa kijiko kimoja cha mafuta, ndipo utiwe maji ya moto. Hauchelewi wala haushikani.

"Mafuta hii iko safi kuliko mawese yenu," alisema, akatugawia kidogo kidogo katika majani ya mgomba, meupe kama sabuni.

Niliyabeba nyumbani kwa tamaa. Mimi ni mtoto wa wakulima Wakristo wa upande wa Kabambare, na kwetu nguruwe walilala nyuma ya jiko. Nilisilimu nikaolewa na mwana wa Waislamu wa mjini, lakini moyoni mwa mama mkwe nilikuwa bado kafiri. Mwaka mzima alikula chakula changu kwa ncha za vidole, na kila sahani aliikagua kwanza kama mtu anayetafuta nywele. Ilinichukiza kuliko matusi. Nilitaka siku moja tu ale mpaka ashibe.

Siku ile nilikaangia mchele mafuta yale, naye alikula akaramba vidole.

"Mwanangu! Hii iko samli! Baba yangu alikuwa anatuletea ya Tabora nilipokuwa mutoto. Tangu siku zile sijaionja tena."

Akanishika mkono, akaniombea dua mbele ya mume wangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: kesho yake nilitia vijiko viwili. Wali ulimeremeta, ukatuachia utando midomoni, nami nikameza.

Mafuta yalipokwisha nilimwendea mwalimu kuomba mengine. Nikamwuliza ng'ombe wa kwao wanalishwa nini hata samli yao ikawa nyeupe hivi. Akacheka.

"Ng'ombe? Hapana. Ni nguruwe. Lakini iko safi!"

Nilitapika nyuma ya fwaye mpaka ikabaki nyongo tupu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akiningoja, na mchele ameshauchambua mwenyewe. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alichota maji akasukutua, akatema, akasukutua tena, muda mrefu, mpaka nikatamani anipige. Mimi nikachukua sufuria nikaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kuondoa najisi ya nguruwe. Utando ule ulining'ang'ania chini ya kucha.

Akaja akasimama karibu yangu.

"Sufuria inaoshwa," akasema. "Tumbo yangu utaiosha na nini?"

Nikazidi kusugua kucha zangu kwa udongo.

"Yule muzungu hajui dini yetu. Miye sijui harufu ya ile nyama. Lakini weye uliyekomaa nayo, pua yako haikukuambia?"

Hapo nikajichukia kuliko yale mafuta. Maana iliniambia siku ya kwanza kabisa, mara tu yalipopata moto, nami nikajitia hamnazo, nikamwaga mchele, nikakoroga.

"Iliniambia, mama," nikamjibu.