Mikono Mitupu Mpaka Buffalo

Niliondoka Shively, kitongoji cha Louisville jimboni Kentucky, Marekani, kwa sababu ya mwaliko ambao sikuuamini. Dale, msimamizi wa zamu yetu ghalani, ni nahodha wa timu inayocheza besiboli kama walivyoicheza wachezaji wa kulipwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa: mashati ya sufu, gongo zito la kupigia, na mikono mitupu ya kudakia. Kiangazi kile walitaka kufuata njia ya msimu mmoja wa zamani, Louisville, Columbus, kisha Buffalo. Mchana mmoja Dale aliniona nikidaka boksi lililoporomoka kutoka rafu ya juu. "Ezra, njoo ucheze nasi," akasema. Mimi ni Mrundi niliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Mchezo huo nilikuwa nimeuona kwenye televisheni tu. Katika watu wote wa ghala, kwa nini mimi?

Jumamosi asubuhi tulianzia nyumbani, Louisville. Mpira ulikuwa mgumu kama jiwe. Nilidaka mara tatu, vidole vikavimba, watu wakashangilia. Furaha yangu ilikatika nilipomwona Dale kando ya uzio akisoma karatasi. Nilipomkaribia akaikunja upesi, akaitia mfukoni.

"Barua gani hiyo?"

"Mambo ya safari tu," akajibu, bila kunitazama.

Jioni tuliingia Columbus. Wenzangu walilala hotelini. Mimi nilikwenda Whitehall, pembezoni mwa mji, kwa Mama Furaha, Mkongomani aliyekuwa jirani yetu kambini. Alinipakulia ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kisha akachukua picha ya timu ya kale niliyopewa, wote wanaume wenye masharubu, akaikazia macho.

"Bon, mu hii picha mweusi hata moja hayuko?"

"Hayupo, mama. Wenye timu walikubaliana kuwafungia mlango."

"Na leo bazungu kumi na moja, weye moja. Donc banakuita juu ya nini? Chunga, mwana wangu."



Jumapili, katika uwanja wa Columbus, jicho moja lilikuwa kwenye mpira na jingine kwa Dale. Yeye na wenzake walinong'ona mara mbili, na mara zote mbili nilihisi natajwa. Mpira rahisi ukanipita katikati ya miguu, tukashindwa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Njia nzima ya kwenda Buffalo nilikaa kiti cha nyuma nikijifanya nimelala.

Tulipofika Jumatatu, kiwanja kilikuwa Tonawanda, kitongoji cha Buffalo, nyuma ya viwanda. Nahodha wa wenyeji, mtu mrefu mwenye miwani ya jua, alinishika mkono huku akitabasamu.

"Samahani, rafiki. Leo tunarudia msimu ule kama ulivyokuwa. Tunaomba ukae benchi. Si ubaya, ni historia tu. Nilishamwandikia nahodha wako."

Nikamgeukia Dale. Uso ulikuwa umemwiva.

"Ulijua?"

"Tangu Louisville. Niliwajibu kwamba bila wewe hatuchezi. Nikadhani yamekwisha. Sikutaka uumie."

"Nimeumia siku tatu, Dale, nikikudhani wewe ndiye adui. Jambo langu, na mimi ndiye wa mwisho kulisikia!"

Akainamisha kichwa.

Nilimrudia nahodha mwenyeji. "Historia yako inanitoa mimi uwanjani," nikamwambia, "mbona wewe imekuachia hiyo miwani ya kisasa?" Mtu mmoja akacheka nyuma yake. Nikatembea mpaka nafasi yangu, nikasimama pale peke yangu, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha Dale akaja, na wengine wakamfuata. Wachezaji watatu wa wenyeji walifungasha mabegi wakaondoka. Waliobaki walicheza nasi, wakatushinda, wakatupa mkono.

Tukirudi nyumbani nilikaa mbele, karibu na Dale. Tulikuwa tukivuka mto kuingia Kentucky aliponigeukia.

"Utacheza tena?" akauliza.

"Nitacheza. Ila barua yoyote inayonitaja, niisome mimi kwanza."

"Sawa."

Sikukosea kushuku, nilikosea mtu wa kumshuku. Naye alidhani kunificha ni kunilinda. Siwezi kuwaambia kwamba sasa namwamini kabisa. Lakini siku hizi nikimshuku, namuuliza.