Jembe la Aliyepona

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa palizi, saa kumi na mbili na dakika ishirini, nilipomsikia jirani yetu Mama Fabiano akisimama kwenye njia inayopita mbele ya nyumba yetu kule Sigino na kuita, "Mama Paskali, jembe!" Saa hiyo sijaisahau kwa sababu niliitazama kwa hasira. Nilijiuliza ni mtu gani huyu anayemwita mgonjwa shambani jua halijatoka.

Paskali ni mimi, mwanangu, na aliyeitwa ni mama yangu mzazi. Nakuandikia wewe ambaye leo au kesho utamuuguza mtu unayempenda, maana kuuguza nako kuna namna yake, na mimi namna hiyo niliikosea nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Kwanza uujue utaratibu wa mtaa wetu, ambao wazee wetu walikuja nao kutoka Mbulu. Wakati wa palizi wanawake hulimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Anayewaongoza hupita nyumba kwa nyumba asubuhi, anaita jina la mwenye nyumba na neno moja tu, jembe. Ukiitwa unatoka. Ukiwa mgonjwa, nyumba yako hupitwa kimya, lakini shamba lako halipitwi. Watalipalilia kama la mwingine yeyote, wala hakuna atakayekuandikia deni. Mgonjwa hadaiwi.

Msimu uliotangulia nyumba yetu ilikuwa imepitwa kimya. Mama alianza kukohoa wakati wa kupura mbaazi, na kila tulipomuuliza alisema ni vumbi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwake hakikufika huko, lakini kilikuwa njiani. Tulimpeleka hospitali mjini, akapimwa, akakutwa na kifua kikuu. Baadhi ya watu wakanong'ona kwamba amelogwa, wengine kwamba kuna jambo alilikosea huko nyuma. Mama Fabiano aliwafunga midomo kisimani, akasema kifua hakimchagui mwenye dhambi, na anayetaka kusema zaidi aje amsaidie kubeba maji ya mgonjwa.

Mama alitimiza upande wake. Kila asubuhi alimeza vidonge kabla ya uji, ingawa vilimchafua tumbo na kumgeuza mkojo kuwa mwekundu. Alimeza hata alipoanza kujisikia mzima, wakati ambao wengi huacha. Miezi ilipotimia makohozi yake yalipimwa tena, yakaonekana safi. Mhudumu wa kliniki akaniambia mbele yake, "Mama amepona. Sasa arudi kwenye kazi zake, pole pole."

Mimi nikasikia maneno mawili ya mwisho tu.

Nikamwekea kiti ukutani penye jua. Nikamfunika blanketi. Mke wangu Agnes akashika jiko lote, nami nikamkataza mama asiguse ndoo wala fagio. Kikombe chake cha bati, tulichokitenga wakati wa ugonjwa, kikaendelea kukaa peke yake dirishani. Wageni walipokuja niliwaeleza hali yake yeye akiwa amekaa palepale, kana kwamba hana mdomo. Watu walinisifu sana. Walisema mama yule amezaa mtoto.

Lakini mama alikuwa anapungua. Alikula matonge machache na kusukuma sahani. Sauti yake ikawa ndogo. Siku moja aliniomba ruhusa ya kwenda kuwaangalia kuku, na kuku wale walikuwa wake, amewafuga tangu sijaoa. Nilimruhusu, mwanangu. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ni mabaki ya ugonjwa, nikaongeza blanketi la pili.

Basi asubuhi ile alipoitwa, nilimwona anashika mikono ya kiti chake, tulichokiingiza ndani usiku, ili ainuke. Nikamwambia akae, nitazungumza nao mimi. Nikachukua pesa chumbani, nikatoka.

Wanawake walikuwa wamesimama njiani, majembe begani. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Nikamweleza Mama Fabiano kwa adabu kwamba nafahamu mama anadaiwa zamu, lakini hawezi, hivyo wachukue pesa hizi wamtafute kibarua wa kushika nafasi yake. Nilijiona mtu wa haki.

Mama Fabiano alizipokea, akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Paskali," akasema, "mama yako alipokuwa anaumwa, ulimtafutia kibarua wa kumeza vidonge?"

Wakacheka. Nikajibu kwamba hapana, alimeza mwenyewe.

"Na mwaka jana tulipopita hapa kimya, ulielewa kwa nini?"

"Nilielewa, mama. Alikuwa mgonjwa."

"Basi leo nimeita. Elewa na hilo."

Mmoja wao akasema labda Paskali anaogopa atakosa mtu wa kumfunika blanketi. Wakacheka tena, lakini Mama Fabiano hakucheka. Alizikunja zile pesa, akazitia kwenye mfuko wa shati langu, akaupigapiga mfuko kama unavyombembeleza mtoto. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, nami maneno yake nayabeba mpaka leo.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe mama yako umemfanya mgeni nyumbani kwake, na siku ya tatu imepita zamani. Hatukuja kwa sababu ya palizi, baba. Mikono tunayo. Tumekuja kumdai kwa sababu anayedaiwa ni mtu mzima. Ukimlipia, unatuambia hatarudi tena."

Ndipo nikasikia mlango nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama kizingitini, blanketi limebaki kwenye kiti, na mkononi ana jembe lake. Mpini ulikuwa unadondosha maji.

Wewe uliyelelewa mjini huenda hujui maana ya maji yale. Jembe likikaa msimu mzima bila kutumika, mpini hukauka ukalegea, na ukilima nalo chuma kinachomoka. Kwa hiyo hulowekwa kwenye ndoo usiku kucha ili mti uvimbe na kushika. Kumbe mama aliloweka jembe lake tangu jana yake. Alijua zamu zimefika mtaani kwetu, akaliandaa kimya, akakaa kitini kungoja kama ataitwa.

"Nipishe, Paskali," akasema.

Nikampisha.

Niliwafuata kwa mbali, sitakuficha. Walimpa mstari mfupi, ule unaoishia kwenye mfereji, na hakuna aliyetaja kwamba ni mfupi. Alipalilia kidogo, akakaa, akainuka, akapalilia. Mara akakohoa. Majembe yote yakasimama.

"Vumbi," mama akasema.

"Vumbi lile lile la mbaazi?" Mama Fabiano akamuuliza.

Mama akacheka mpaka akaegemea mpini. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu augue. Na safari hii kweli lilikuwa vumbi, ingawa siku ya kliniki iliyofuata alikwenda mwenyewe kumweleza mhudumu kwamba alikohoa, akasikilizwa kifua, akaambiwa yuko salama.

Jioni alirudi na udongo miguuni. Akaingia jikoni, akaonja mboga, akauliza ni mgonjwa gani aliyeipika bila chumvi, akampokea Agnes mwiko. Agnes alimwachia haraka, na usoni nikaona kwamba naye alikuwa amechoka kubeba peke yake kazi za watu wawili. Kikombe cha bati kikarudi kabatini pamoja na vikombe vingine. Hakuna aliyetoa amri.

Miaka ilipita. Mimi niliishia darasa la saba, lakini sijaacha kusoma kile kinachofika mikononi mwangu. Binti yangu alipokuwa chuoni alikuja likizo na kitabu cha elimu ya jamii, na humo nikakuta sura inayosema kwamba kuumwa ni nafasi ambayo jamii humpa mtu, kama vile inavyompa nafasi ya uzazi au ya ualimu. Nafasi hiyo ina haki zake: mgonjwa huachiwa majukumu yake ya kawaida, wala halaumiwi kwa ugonjwa wake. Ina pia wajibu wake: autake uzima, atafute wenye ujuzi wa tiba na kufuata wanayomwelekeza. Nilisoma polepole nikimwona Mama Fabiano pale kisimani, nikimwona mama na vidonge vyake. Kitabu kilisema pia kwamba ruhusa hiyo ni ya muda. Ambacho sikukiona ni nani apaswaye kufika mlangoni na kuiondoa. Hilo mtaa wetu ulikuwa unalijua.

Tena yapo magonjwa ambayo hayana siku ya kupona. Mama sasa ni bibi wa miaka mingi, na ana kisukari ambacho atazeeka nacho. Tungengoja apone ndipo tumwite, tusingemwita kamwe. Kwa hiyo tulikaa naye, tukamuuliza nini anaweza na nini hawezi, akasema mgongo haumruhusu kulima lakini macho yapo. Tangu hapo yeye ndiye anayechagua mahindi ya mbegu baada ya mavuno. Hakuna anayepanda mahindi kwetu kabla hajasema hizi zinafaa. Akiumwa siku hiyo, tunangoja.

Nasaha yangu basi ni hii, mwanangu. Mtu wako akiugua, mpe ruhusa ya kuugua, kamili, bila kumnung'unikia na bila kumtafutia kosa. Msimamie katika dawa, maana huo ndio mzigo wake na hakuna wa kumbebea. Lakini weka sikio wazi. Siku nguvu zinaporudi, hata zikirudi kijiko kimoja, mrudishie kazi inayolingana na kijiko hicho, wala usingoje aombe. Na usimsemee mtu aliye hai na aliyekaa mbele yako. Na kama wewe ndiwe unayepona, loweka jembe lako hata kabla hujaitwa.

Mungu akujalie majirani watakaokupita kimya ukiwa kitandani, na watakaokuita kwa jina ukiinuka. Akujalie mikono ya kuuguza, na busara ya kuachia.

Zile pesa nilizikuta mfukoni usiku ule nilipovua shati. Mama alikuwa amelala fofofo, amechoka kwa uchovu wa watu wazima. Nikazikunjua juu ya meza: shilingi elfu mbili, hazikupungua hata senti.