Treni ya Baba Ndani ya Linux

Baba yangu aliendesha treni kati ya Tabora na Kigoma mpaka alipostaafu. Mimi nina stesheneri ndogo karibu na soko, ninachapa barua na kutoa kopi. Tunaishi wawili tu, mtaa wa Chemchem hapa Tabora, tangu mama alipofariki. Wateja wangu wananijua kwa mashine ya kopi na ukali wangu kwenye foleni. Wasichokijua ni kwamba mimi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, napenda gemu za kompyuta kupita kiasi. Za kuuana sizitaki. Napenda za kulima, za kuendesha malori, na zaidi ya zote gemu moja ya treni ambayo nimeicheza mpaka najua kila kona yake.

Laptop yangu ilikuwa na Windows, kama za karibu watu wote ninaowajua. Siku moja ikaanza kuniletea ujumbe kwamba toleo nililonalo limefika mwisho wa kuhudumiwa, na kwamba toleo jipya halitaingia kwa sababu mashine ni ya zamani. Nikaufunga ule ujumbe. Ukarudi. Nikaufunga tena, ukarudi tena, hata pale mteja alipokuwa amesimama juu ya kichwa changu akisubiri nimalize barua yake ya kuomba kazi. Nikajisemea basi, mashine imezeeka, na nyingine sina.

Mtu aliyeniokoa ni mwalimu wa kompyuta wa chuo kimoja hapa mjini, dada mpole anayeleta mitihani yake kutolewa kopi. Aliuona ule ujumbe akacheka.

"Usiitupe hiyo," akasema. "Kesho nitakuja na flash. Tutaingiza Linux badala ya Windows."

"Na gemu zangu?"

Akanitazama kwanza, kuona kama natania. Kisha akavuta stuli akakaa.

"Zamani ningekuambia uzisahau. Mtu wa Linux alikuwa anacheza karata na kale kagemu ka nyoka, basi. Siku hizi sivyo. Gemu yako imetengenezwa kuongea na Windows, na Linux ina lugha yake. Sasa watu wametengeneza mkalimani anayekaa katikati. Gemu ikisema neno, yeye analigeuza hapo hapo. Gemu yenyewe haijui hata kama iko ugenini."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Mji huu umekua kwa ukalimani. Misafara ya zamani ilikutana hapa, watu wa pwani, watu wa ziwa, wapagazi wa Kinyamwezi, na ilibidi waelewane kabla mizigo haijatuliwa. Mpaka leo, kwetu mtu anasema Kinyamwezi jikoni na Kiswahili barazani, wala hasikii kama amevuka mpaka.

Kesho yake akaja kweli. Kazi ilituchukua asubuhi nzima, tukisimama kila mteja alipoingia. Kuingiza Linux kwenyewe kulikuwa kwepesi. Kilichochukua muda ni kupakua gemu kwa bando langu. Hatimaye nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Ikabaki nyeusi. Mwalimu akasema nisubiri, mara ya kwanza inaandaa picha zake. Nilisubiri nimeshika ukingo wa meza. Ghafla honi ikalia dukani, honi ndefu ya treni, nikapiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaangusha bahasha yake.

"Kuna nini?" akauliza.

"Treni imefika!" nikamwambia. Alitoka mlangoni kuangalia upande wa stesheni.

Nikaipeleka laptop nyumbani jioni hiyo kabla jua halijazama. Baba alikuwa ukumbini amenyoosha goti lake bovu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye redio. Nikaiweka mezani mbele yake, nikaondoa treni stesheni. Ilikuwa nchi ya mbali, mvua inanyesha, mashamba ya kijani pande zote. Aliangalia kwa dakika kama mbili.

"Huyu dereva ana kesi mahakamani?" akauliza. "Mbona ana haraka?"

"Dereva ni mimi, baba."

"Basi punguza. Unaona ule mteremko? Ukisubiri ufike ndio ufunge breki, umechelewa. Breki za treni ni za upepo, mama. Upepo unasafiri behewa kwa behewa. Behewa la mwisho linasikia habari baada ya wewe kusahau."

Nikafunga breki mapema kama alivyosema. Treni ikateremka taratibu na kusimama mbele ya abiria, sawasawa kabisa. Miaka yote niliyocheza sijawahi kusimama vile. Nikamgeukia baba, naye alikuwa ameshasogeza kiti.

"Sogea," akasema.

Tangu jioni ile laptop haikuwa yangu tena. Nikirudi kutoka dukani namkuta yuko njiani, miwani puani, anaongea na abiria wa kwenye gemu kana kwamba wanamsikia. Alinieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza nilipokuwa mdogo: jinsi ya kuondoa treni ya mizigo bila kukata minyororo ya mabehewa, jinsi magurudumu yanavyoteleza kwenye reli wakati wa masika, jinsi mtu anavyojua kwa mlio tu kwamba gurudumu moja linachoka. Tulikuwa tumeishi nyumba moja, tukiulizana habari za chakula na dawa. Sasa tulikuwa na maongezi.

Halafu akaja kaka yangu, mkulima wa pamba na mfugaji kule Ziba, Igunga. Aliingia asubuhi na kuku wawili, akamsalimia baba kwa Kisukuma, "Mwangaluka," maana mkewe ni Msukuma na yeye ameshachukuliwa huko moja kwa moja. Kaka anapenda mpira. Aliposikia habari za Linux akataka gemu ya mpira, ile ya kucheza na watu wengine kupitia intaneti. Nikajigamba kwamba hakuna lisilowezekana. Tukapakua, tukangoja, ikafunguka mpaka kwenye uwanja wenye kelele za mashabiki. Kaka akakunja mikono ya shati. Kabla mpira haujaanzwa, ukatoka ujumbe wa onyo: mashine hii hairuhusiwi. Tukajaribu mara nne.

Nikampigia mwalimu simu.

"Ile ina mlinzi wa kukamata wadanganyifu," akasema. "Mlinzi anataka kuingia mpaka ndani kabisa ya mashine akague. Kwa Linux, kuna wenye gemu walioruhusu na kuna ambao bado. Hiyo yako ni ya wale ambao bado. Mkalimani hana la kufanya hapo, maana tatizo si lugha."

Kaka alicheka. "Kama mnadani," akasema. "Ng'ombe ni wako, mzima, kanona, lakini huna kibali. Unarudi naye."

Yeye alicheka, mimi niliumia. Nilikuwa nimeshaanza kuwahubiria wateja. Siku mbili nzima niliiangalia laptop kama mtu aliyeniaibisha mbele ya wageni. Mwalimu alinitia moyo kwamba sasa kuna mashine za gemu za kushika mkononi zinazouzwa zikiwa na Linux ndani, watu wanazinunua, na wenye gemu hawawezi kuwafungia mlango wanunuzi milele. Naamini hivyo. Lakini kaka alirudi Ziba bila kufunga goli hata moja, na hilo pia ni kweli.

Baba hakujali kabisa mambo ya mpira. Yeye alikuwa na lake.

"Hawa abiria wa mvua nimewaendesha miezi miwili," akaniambia. "Wa kwetu wako wapi?"

Nikamuuliza mwalimu. Akanionyesha gemu nyingine ya treni, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, ambayo haihitaji hata mkalimani. Inakaa kwenye Linux kama mwenyeji. Na mtu yeyote anaweza kuichorea reli yake mwenyewe. Siku ile nilifunga duka mapema.

Tukaanza kuchora kipande cha Tabora mpaka Urambo, kinachopita Usoke. Mimi nilichora, baba alisema. Alikumbuka kila kitu bila karatasi: hapa kona ya kushoto, ndefu, usiizidishe; hapa daraja dogo; hapa reli inapanda kidogo, abiria hajui lakini kichwa cha treni kinajua. Tuligombana sana. Toleo la kwanza lilikuwa na miti ya misonobari kwa sababu ndiyo iliyokuja na gemu.

"Misonobari Usoke!" baba akafoka. "Nani ameipanda?"

Nikajifunza kutengeneza miti ya miyombo. Ilinichukua wiki tatu, na ya kwanza ilionekana kama miavuli iliyovunjika. Mwishowe hata yeye akakubali. Lakini kuna mwinuko mmoja ambao tulibishana mpaka akasema njia pekee ni kwenda kuuona. Tukapanda treni iliyoondoka Tabora asubuhi, pamoja na goti lake bovu. Hakukaa. Alisimama dirishani, nami nimeshika daftari, akinipa maneno niandike, na abiria waliotuzunguka wakadhani sisi ni wapima ardhi. Mmoja aliuliza kama shamba lake litachukuliwa.

Tulipokaribia Urambo, mabanda ya kukaushia tumbaku yakionekana kwa mbali, akanishika bega.

"Hapa," akasema. "Weka alama ya honi."

Sikuona stesheni wala barabara, kichaka tu na kijia chembamba kinachokata reli.

"Kwani hapa kulikuwa na alama, baba?"

"Haikuwepo. Nilikuwa napiga mimi." Akakionyesha kile kijia kwa kidole. "Kulikuwa na mwanamke, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Alivuka mbele yangu, kati yetu pasingepita mkono. Hakunisikia, kulikuwa na upepo. Nilifunga breki, lakini nimeshakuambia habari za breki. Alivuka. Sikumjua na hakunijua. Tangu siku hiyo sikupita hapa bila kupiga honi."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Niliandika kwenye daftari, alama ya honi, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Ilipokamilika tukaiweka kwenye mtandao, mahali wapenzi wa gemu hiyo wanapowekeana kazi zao. Nilidhani watu watatu wataiangalia. Baada ya wiki moja ukaja ujumbe wa mwanamke kutoka nchi ya baridi, aliyesema nje kwake ni theluji tupu na ameendesha kwenda Urambo mara tano kwa ajili ya jua. Alikuwa na swali moja. Kwa nini anaambiwa apige honi mahali pasipo na kitu?

Nikamsomea baba. Akaniambia niandike, akanisimulia upya taratibu, nami nikamtafsiria kadiri ya Kiingereza changu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, mistari miwili tu: ahsante, na kwamba sasa hapiti pale bila kupiga honi, hata akiwa anafanya majaribio ya treni tupu. Baba aliniomba nimsomee tena. Kisha akaenda uani akakaa huko peke yake mpaka chai ikapoa.

Mwezi uliopita mwalimu alitualika chuoni kwake. Kompyuta zote za maabara yake zinatumia Linux, na alikuwa ameiweka reli yetu kwenye kila moja. Baba alivaa kofia yake ya kazi. Ukutani, kupitia projekta, ilionekana stesheni ya Tabora, kubwa kama dirisha, na wanafunzi wapata thelathini, watu wazima wenye simu zao mkononi, wakaacha kuangalia simu. Baba aliondoka vizuri. Akawaeleza Usoke, akawaeleza mwinuko, akapiga honi kwenye kile kijia bila kusema kwa nini. Nilikuwa na furaha kubwa.

Kisha, kwa kunogewa na maongezi, baba akaingia stesheni ya Urambo kwa kasi, akafunga breki amechelewa, akapita jukwaa la abiria. Mabehewa mawili yalisimama nje kabisa, porini.

Nilitamani sakafu inimeze. Wanafunzi wakatazamana. Baba akavua miwani.

"Andikeni," akasema. "Dereva amepitiliza kwa mabehewa mawili. Sababu: maneno mengi. Mimi ndiye ningejiandika hivyo kwenye ripoti."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha makofi. Dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akaamkia, akasema kwao ni Isaka na anataka kuichora njia ya Mwanza. Aanzie wapi?

"Marahaba," baba akamjibu. "Umeshawahi kuipita kwa miguu?"

"Hapana, mzee."

"Anza hapo. Chukua daftari." Akanigeukia. "Na wewe rudisha hiyo treni Tabora, kuna wengine wanataka kujaribu."