Besi ya Baba Kwenye Kanda ya Kambini

Enzi zetu, sisi tuliokulia Rumonge, mji wa kando ya ziwa, wakati wa vita, muziki ulitegemea betri. Kwetu tuliziita mapile, na pile ikichoka hatukuitupa. Iliwekwa juu ya bati ipigwe na jua mchana kutwa, ikichoka tena tunaing'ata kidogo kwa meno, inaimba wimbo mmoja na nusu ndipo inakata roho. Wenzangu wa rika langu mnaosoma hapa najua mmeshaanza kucheka, maana na nyinyi mliyatafuna mapile hayo. Wanangu nikiwasimulia wananitazama kama mtu aliyetoroka hospitali.

Mchana mtaa wetu ulinuka mawese yanayochemshwa. Tuliruka kamba pale ufukweni walipoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wenye ndagala wakatufukuza, tukarudi, wakatufukuza tena. Nyumbani kulikuwa na ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na siku ya baraka kipande cha samaki wa mukeke ambacho mama alikigawa kwa namna ambayo hadi leo sijaielewa, kila mtu akapata na bado kikabaki. Jua likianza kushuka tu, watu wazima wanaitana: kuvrefe, kuvrefe, ndiyo marufuku ya kutoka nje. Kila mtu ndani, mlango umefungwa. Hata ziwa lilikuwa giza, bila taa za wavuvi, kwa sababu askari walikuwa wamekataza watu kuvua usiku.

Ndiyo maana kwaya yetu ilifanya mazoezi mchana kweupe, joto limejaa kanisani mpaka ukuta unatoa jasho. Wengi wetu tulikuwa watu wa asili ya Kivu ya Kusini, na mtu wa kwetu unaweza kumnyima chumvi lakini si kwaya. Mwalimu wetu alikuwa Papa Elia, fundi cherehani mfupi mwenye masikio makubwa ambayo sisi watoto tuliamini ndiyo yaliyompa kazi. Mama yangu aliimba alto. Baba aliimba besi.

Papa Elia hakutaka watoto wazurure nje wazazi wakiimba. Alitandika mkeka mbele, akatuketisha, na kila mmoja akapewa mtu wake wa kumfuata tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Wimbo ukiisha anauliza: mtu wako alivuta pumzi wapi? Alichelewa wapi? Ukikosa, unarudi nyuma ya mkeka, na wenzako wanakucheka. Alikuwa akituambia, "Musisikilize wimbo yote mara moja. Mufuate mutu moja. Wimbo itakuja yenyewe." Hakuna shule niliyosoma baadaye iliyonifundisha muziki kuliko mkeka ule.

Mimi mtu wangu alikuwa baba, na baba alikuwa rahisi kumfuata kwa sababu alikuwa na kosa lake. Kila mwisho wa ubeti wenzake wakikata, yeye aliendelea kidogo. Kisha alivuta pumzi kwa pua, fuu, kama mtu aliyetua mzigo. Papa Elia alipiga meza kwa rula na kumwuliza, "Papa Neema, wimbo imeisha. Weye unaenda wapi peke yako?" Kwaya nzima inacheka, baba anaomba radhi, ubeti unaofuata anafanya vilevile. Neema ndiye mimi. Nilijivunia kosa lile kana kwamba lilikuwa cheo.

Siku moja baba alipanda baiskeli kwenda Minago kuleta mawese, kama alivyofanya kila wiki. Mapigano yakatokea barabarani. Baiskeli ililetwa na watu, imepinda gurudumu la mbele. Baba hakuletwa. Wengine walisema waliokuwa njiani siku ile waliingia mitumbwini na kuvuka kwenda Tanzania. Wengine hawakusema kitu, wakatazama chini, na hao ndio walimtisha mama zaidi.

Mama aliendelea kwenda mazoezini, lakini hakuimba. Alisimama mahali pake kwenye alto, mdomo umefungwa. Upande wa besi nafasi ya baba iliachwa wazi. Nami mkekani sikupewa mtu mwingine wa kumfuata. Nilikaa tu nikisikiliza pale asipokuwepo.

Mvua zikaja zikaisha. Jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyefanya biashara ya samaki, ndiye aliyekuwa na redio kaseti mtaani. Yeye alikuwa mtu wa taarabu, na akifungua redio yake hata kuku walijua watulie. Alasiri moja alirudi kutoka Kabonga kununua samaki, akaja moja kwa moja uani kwetu kabla hajavua viatu. Ndani ya kanga yake alikuwa na kanda. Alisema mfanyabiashara mmoja aliivusha kutoka kambini Tanzania, ni kwaya ya watu waliokimbia pwani yetu, na imepita mikono mingi wee mpaka maandishi yamefutika. Akaenda kwake. Akaleta redio, akaiweka juu ya kinu kilichofunikwa, akabonyeza.

Kwaya ikaanza, polepole, nzito. Halafu ikapanda sauti moja ya kiume, nene, ya chini kabisa, ikawashinda wote. Mama akashika mkono wangu mpaka ukauma.

"Ni yeye," alisema. "Iko muzima."

Majirani walijaa uani. Mama Zuhura alipiga vigelegele kwa wimbo wa kanisa, jambo ambalo mumewe alimtania kwalo hadi alipokufa. Mimi peke yangu nilikaa chini kama mkekani. Nilimfuata yule mtu kama nilivyofundishwa, na kila mwisho wa ubeti alikata sawasawa na wenzake. Sikuthubutu kusema. Ungemwambia nini mama anayecheka kwa mara ya kwanza tangu baiskeli ile iletwe?

Aliyesema ni Papa Elia. Aliitwa aje afurahi nasi, akaja na utepe wake wa kupimia nguo bado shingoni, akasikiliza akiwa ameinama. Nilimwona anavyotafuta maneno.

"Mama Neema, unisamehe," alisema. "Pile imechoka, kanda inatembea polepole. Hii ni sauti ya teno, imeshuka tu."

Nyinyi mliokuwepo enzi zile mnalijua kosa hilo. Pile ikichoka, hata msichana anaimba kama babu yake. Tulikuwa tunacheka sana kwa jambo hilo. Siku ile hakuna aliyecheka, na watu waliondoka uani mmoja mmoja bila kuaga.

Mama Zuhura hakukubali. Kesho yake alizunguka sokoni kutwa akitafuta mapile mapya, wakati ambapo barabara ya bidhaa kutoka mji mkuu ilikuwa imefungwa na maduka yana chumvi na sabuni tu. Aliyapata kwa mvuvi mmoja wa Magara, aliyeyatoa kwenye tochi yake ambayo haikuwa na kazi tena tangu kuvua usiku kukatazwe. Tukakaa tena uani: mama, Mama Zuhura, Papa Elia na mimi.

Kanda ikatembea mwendo wake, na ile sauti nene ikageuka kijana mwembamba wa teno, anaimba vizuri tu, masikini, hakuwa na hatia yoyote. Mama aliinuka. Alikwenda kwenye mafiga akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mimi niliweka sikio kwenye redio. Kwa sababu sasa, chini ya kila mtu, kulikuwa na kitu ambacho jana hakikuwepo. Nadhani pile iliyochoka ilikuwa imekishusha mpaka redio ile ndogo ikashindwa kukitoa. Nilikishika, nikakifuata. Nilipita nacho ubeti mzima. Kwaya ikakata. Yeye akaendelea kidogo. Kisha, fuu.

"Mama," nilisema, "iko mutu moja hajamaliza."

Papa Elia hakutaka kurudisha kanda nyuma kwa redio, asimalize mapile. Aliitoa, akaingiza kalamu kwenye tundu, akaizungusha, nasi tukamtazama kama watu wanaotazama sufuria. Aliirudisha redioni, akainama. Tulipofika mwisho wa ubeti, mzee yule akaketi chini kwenye udongo na suruali yake ya kazi, anacheka na machozi yanamtoka.

"Miaka yote hii," alisema, "na kule kambini pia hajajifunza."

Mama alikuja kutoka motoni na moshi machoni. Alisikiliza akiwa amesimama. Ubeti wa tatu ulipoanza alifungua mdomo, na alto yake ikatoka imekwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi, akaiimba yote mpaka mwisho, na alipomaliza alingoja baba amalize.

Baba alirudi amani ilipokuja, kichwa kizima mvi, mimi nikiwa msichana mkubwa. Jumapili ya kwanza alisimama mahali pake, mwisho wa ubeti akaendelea peke yake, na Papa Elia alishikilia mikono hewani akimsubiri, muda mrefu kuliko wimbo ulivyohitaji.

Leo binti yangu ana nyimbo nyingi kwenye simu kuliko ndagala wa Magara. Ameziba masikio na vile vidude vyake, anasikiliza nusu, anaruka, nusu nyingine, anaruka. Namwuliza, huyo anayeimba chini ni nani, alivuta pumzi wapi? Ananijibu kwa heshima zake zote kwamba Mama, huu ni wimbo tu. Zamani nilikasirika, nikaanza hotuba ya mkeka na mapile. Naukumbuka sana usikivu wetu ule, na sidhani kama nitauona tena kwa watoto hawa. Lakini siku hizi akinijibu hivyo nanyamaza, na moyoni namshukuru Mungu, kwa sababu mwanangu hana mtu wa kumtafuta humo ndani.