Mama Magaga na Mawe Yaliyoelea

Mtaani walimwita Mama Magaga, maana hapakuwa na kisigino kilichopasuka ambacho hakijapita mapajani mwake. Alikaa kwenye kigoda katika chumba cha mbele, beseni la maji ya uvuguvugu upande huu, taulo upande ule, akisugua visigino kwa jiwe jepesi la vitundu huku akipiga soga. Kazi aliipenda kufa. Tatizo nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe alikitaka chumba kile kwa ajili ya cherehani yake.

"Nyumba yangu imekuwa bohari ya miguu ya watu!" alilalamika kila akipita.

Basi volkano ikalipuka huko chini ya bahari. Povu lake la moto likapoa likawa mawe mepesi yenye vitundu kama mkate, yale yale ya kusugulia miguu, yakaelea, upepo ukayasukuma hadi ufukweni. Maji yote yakafunikwa na zulia la kijivu, na mji mzima ukateremka na ndoo.

Mama mkwe alirudi na kapu la mawe limejaa pomoni, uso unang'aa. "Umeona? Bahari inagawa bure. Nani atakuja kwako tena? Ijumaa cherehani yangu inaingia hapa."

Mama Magaga alicheka mdomoni tu, moyoni alinywea. Wateja walikatika. Hata nzi walichungulia wakaenda zao.

Kumbe mawe yale yalikuwa mabichi, makali kama vigae vya chupa. Jiwe jipya Mama Magaga hulisugua kwanza kwa jiwe jingine mpaka lilainike. Watu wa mtaa wakajisugua nayo bila kuyalainisha, kwa pupa, kama wanaokwangua ukoko wa sufuria. Kufika Alhamisi, mtaa mzima ulikuwa ukitembea kwa vidole, na wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe, pekupeku, ameshika ukuta.

"Nimekuja kupima chumba," alisema.

"Karibu, mama. Pima umekaa."

Akakaa. Mguu ukajileta wenyewe. Mama Magaga alijiuma midomo asicheke, akauosha, akaupaka mafuta taratibu. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuugusa mguu ule. Ulikuwa mdogo, mgumu, umechoka, na huruma ambayo hakuitarajia ikamshika.

Mama mkwe alishusha pumzi, akaanza kusinzia. Muuza maziwa akachungulia mlangoni, anachechemea.

"Kuna nafasi?"

Mama mkwe alifumbua jicho moja. "Subiri nje, baba. Huoni mwanangu yuko kazini?"