Mtindi wa Wifi

Wivu wa mapenzi watu wanauelewa. Wangu ulikuwa wa friza, na nilikuwa nao kweli.

Daktari wa meno alipomkataza binti yangu sukari, nilimnyima barafu za dukani, nikamnyima na juisi, nikawa adui ndani ya nyumba yangu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Buswelu. Yeye alitandaza mtindi kwenye sinia, akatupia vipande vya ndizi na papai, na karanga za kuponda, akaingiza kwenye friza. Ulipoganda akavunjavunja vipande. Mtoto akarudi na masharubu meupe, ameshiba.

"Mama, shangazi anajua kupika kuliko wewe."

Kupika! Mtu hajagusa hata kiberiti! Na mimi hapo natoka jasho juu ya makaa, nasonga ugali, sato anachemka pembeni.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikimbilia kule. Kwangu anadonoa, kwa shangazi yake analamba sinia. Niliumia, sitaficha. Niliogopa kwamba ipo siku atajikwaa, atalia, na atakayemwita si mimi.

Kumwuliza wifi anatengenezaje? Heri nife. Nilishasikia neno moja, mtindi, likanitosha. Nikaenda kwetu Bujora kwa mama yangu, nikarudi na dumu zima la mtindi wa ng'ombe wetu wenyewe. Nikajisemea, yeye ananunua wa dukani, mimi nina wa kienyeji, tutaonana.

Kumbe kwetu Bujora mtindi ni maziwa yaliyokwisha kusukwa kwenye kibuyu, siagi ikatolewa. Wifi wa mjini akisema mtindi, ana maana ya maziwa mgando mazito, mafuta yake yamo. Wangu ulikuwa maji machachu. Asubuhi sinia lilitoka gumu kama sakafu. Nikapiga kwa mwiko, nikapiga kwa mchi, likabonyea sinia. Binti yangu alilamba mara moja, akakunja uso, kisha akanipapasa mkono.

"Usijali, mama. Twende kwa shangazi akufundishe."

Kuhurumiwa na mtoto wa miaka sita! Lakini nilikwenda, na dumu langu mkononi.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani wifi, huo si umeshatolewa siagi? Chukua mgando mzito, uuchuje kwa kitambaa, maji yatoke kwanza." Akanipa na kitambaa chenyewe. Sikushukuru. Nilingoja mtoto atoke kwenda uani, nikauliza kwa ubaya kabisa:

"Na wewe unajisumbua nini kila wiki? Kwani mtoto ni wako?"

Alichukua sinia lililokuwa safi tayari, akaanza kulifuta.

"Wewe hata ukimchapa, wifi, jioni atalala kwako. Mimi nisipogandisha, atakuja kufanya nini huku?"

Nilimwita mtoto, tukaondoka.

Namna ya kutengeneza naijua sasa, na friza ninayo. Sijatengeneza hata mara moja. Jumamosi ikifika namfungulia binti yangu geti aende, na wivu bado ninao.